Kujaza mapengo kwa Kiingereza kabla ya mtihani wa masta: njia ipi inamfaa msomaji wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa

Mtu aliyemaliza lisansi yake Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kutaka kuendelea na masta katika chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, awe analenga Zambia, Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, hukutana mapema na aina ya swali ambayo shule zetu hazikumzoesha vya kutosha, yaani kifungu cha Kiingereza chenye mapengo ambacho anatakiwa kukikamilisha kwa maneno yanayostahili. Mtihani wa Serikali, ule wa mwisho wa sekondari, ulituzoesha kulipima jibu moja dhidi ya mengine yaliyochapwa chini ya swali. Pengo lisilo na majibu ya kuchagua ni jambo jingine kabisa, na hata pale majibu yanapokuwepo, katika baadhi ya mitihani hii yametungwa kwa makusudi ili akose yule anayelijua neno lakini hafuati hoja ya sentensi.

Nimekaa na wenzangu kadhaa hapa mjini waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani hiyo, na kabla yao nilijiandaa mwenyewe kwa njia ambayo leo nisingemshauri mtu aifuate: miezi mitatu ya kukariri orodha za maneno magumu. Siku nilipofanya jaribio la kwanza kwa kufuata saa, maneno niliyoyakariri yalikuwa mbele yangu na bado nilikosa, kwa kuwa sikuwa nimejifunza kuona ni neno lipi ndani ya sentensi linaloamua pengo lijazwe na nini. Tangu hapo nimeamini jambo moja, nalo ndilo linaloongoza ulinganisho huu. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani hashindwi na maneno makubwa ya Kiingereza kama anavyodhani. Hushindwa na maneno madogo na viungo vya hoja. Kwa hiyo zoezi analolihitaji si lazima liwe lile linalosifiwa sana katika vitabu vilivyoandikiwa watu waliokulia ndani ya Kiingereza.

Mapengo ya mitihani hayafanani

Tuanze na GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu unaotungwa na shirika la Marekani la ETS, kwa kuwa ndio unaotisha zaidi. Tangu Septemba 2023 mtihani huo ulifupishwa ukawa chini ya saa mbili. Upande wake wa lugha una sehemu mbili: ya kwanza ina maswali 12 ya kujibiwa kwa dakika 18, na ya pili maswali 15 kwa dakika 23, maana yake ni kwamba kila swali lina takribani dakika moja na nusu. Karibu nusu ya maswali hayo hutegemea kusoma vifungu na kujibu; yaliyobaki ni ya mapengo, nayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kifungu cha sentensi moja hadi tano chenye pengo moja, mawili au matatu. Pengo likiwa moja, kuna majibu matano ya kuchagua. Yakiwa mawili au matatu, kila pengo lina majibu matatu yake, na ukikosa moja tu umekosa swali zima. Namna ya pili ni sentensi moja yenye pengo moja na maneno sita, ambapo unatakiwa kuchagua mawili ambayo kila moja, likiwekwa peke yake katika pengo, litaipa sentensi maana iliyo sawa, na hapa pia jibu moja sahihi bila la pili halihesabiwi. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha pengo lolote wazi, na ndani ya sehemu moja unaweza kuliruka swali kisha ukalirudia.

Nitoe mfano niliouandika mwenyewe kwa umbo la swali la mapengo mawili: "Although the report runs to four hundred pages, it is oddly ____ on the question its readers care about most, and those who opened it hoping for guidance have closed it ____." Kwa pengo la kwanza chukua maneno "laconic", "exhaustive" na "verbose"; kwa la pili chukua "edified", "frustrated" na "indifferent". Msomaji mwenye haraka anaona kurasa mia nne, anakimbilia "verbose" au "exhaustive", na amekwisha kupotea. Maneno yanayoamua ni "although" lililo mwanzoni na "oddly" lililo mbele ya pengo. Yote mawili yanatangaza kwamba kinachofuata kinakwenda kinyume na urefu wa ripoti, kwa hiyo ripoti ni ndefu lakini kwa swali lenyewe imesema machache mno, ndiyo "laconic", na waliotafuta mwongozo wameifunga wakiwa wamekereka, ndiyo "frustrated". Angalia kwamba "laconic" halikuwa neno gumu kwetu hata kidogo, kwa sababu "laconique" tulilisoma sekondari. Ugumu ulikuwa katika "although".

IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza cha mgeni, hudai ustadi mwingine. Mtihani wake wa kusoma, kwa wanaokwenda chuo kikuu, una maswali 40 kwa dakika 60 juu ya vifungu vitatu virefu, na mara nyingi sehemu ya maswali hayo ni muhtasari au sentensi zenye mapengo ambazo unazijaza kwa maneno yaliyomo ndani ya kifungu chenyewe. Maelekezo husema idadi ya maneno yasiyozidiwa, kwa mfano mawili. Ukiandika matatu umekosa hata kama maana ni sahihi, na tahajia mbaya nayo ni kosa. Hapa hakuna haja ya neno la nadra. Kuna haja ya kutambua kwamba muhtasari umesema kwa maneno mengine jambo ambalo kifungu kilisema kwa maneno yake, na kurudi mahali penyewe kulichukua neno lilivyo.

Namna ya tatu ni pengo linalokata neno lenyewe. Mbinu hiyo ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Christine Klein-Braley na Ulrich Raatz: sentensi ya kwanza huachwa nzima, kisha nusu ya pili ya kila neno la pili hufutwa. Kwa mfano: "The town grew around the mines. Many o_ its fi___ streets we__ laid o__ for wor____." Anayefanya zoezi hili anapaswa kurudisha "of", "first", "were", "out" na "workers". Duolingo English Test, ambao mtu hufanya nyumbani kwa kompyuta na ambao vyuo vingi vinaukubali, una maswali ya jinsi hii, na TOEFL iBT, mtihani wa Kiingereza wa ETS, nayo imeyaingiza katika umbo lake jipya lililoanza Januari 2026. Kwa hiyo anayejiandaa sasa kwa TOEFL akitumia kitabu cha zamani atakuta aina hii ya pengo haimo kabisa.

PTE Academic, mtihani wa Kiingereza wa Pearson, una mapengo ya kujazwa kwa kuchagua neno kutoka orodha inayofunguka na mengine ya kuburuta neno kulipeleka mahali pake, na tofauti yake kubwa na GRE ni kwamba kila pengo lililojazwa vizuri lina alama yake. Mwenye kulenga masta ya biashara kwa njia ya GMAT anaweza kuyaacha mazoezi haya, kwa kuwa upande wa lugha wa mtihani huo unapima kusoma na kupima hoja, bila mapengo. Na kabla ya yote, kila mmoja asome masharti ya chuo chake mwenyewe, kwani idara nyingi za Marekani ziliacha kudai GRE tangu 2020, na si jambo la busara kutumia nusu mwaka kwa mtihani ambao hakuna aliyekuomba.

Pale Kifaransa kinapotusaidia na pale kinapotudanganya

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe polepole, kwa sababu inaamua uchaguzi wote unaofuata.

Maneno mengi yanayotajwa kuwa magumu katika GRE yametoka Kilatini au Kigiriki, na sisi tunayo tayari kwa sura ya Kifaransa: "taciturn" ni "taciturne", "loquacious" ni "loquace", "parsimonious" ni "parcimonieux", "ephemeral" ni "éphémère", "perfidious" ni "perfide". Mwanafunzi wa Lusaka aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni huenda akayakariri haya moja baada ya jingine kwa kadi, wakati mwenzake wa Lubumbashi anahitaji tu kuzoea tahajia na matamshi. Yanayotusumbua ni yale yasiyo na ndugu katika Kifaransa, kama "wary", "thwart", "shun" na "bolster", na haya ndiyo yanayostahili kadi zetu. Orodha ya maneno elfu moja inayouzwa kwa kila mtu, ukiichuja kwa jicho la Kifaransa, itabaki fupi sana.

Zaidi ya hayo yapo maneno yanayofanana kwa sura na kutengana kwa maana, na katika zoezi la mapengo hayo ni mtego halisi. "Eventually" maana yake ni hatimaye, wakati "éventuellement" ni huenda. "Actually" ni kwa kweli, "actuellement" ni kwa sasa. "Ingenuity" ni ubunifu wa akili, lakini "ingénuité" ni unyofu unaokaribia utoto. "Sensible" ya Kiingereza ni mwenye busara. Ya Kifaransa ni mwepesi wa kuguswa. Nimewaona watu wenye Kifaransa safi kabisa wakikosa pengo kwa sababu waliliamini neno kwa sura yake.

Maneno madogo ndiyo jambo zito zaidi. Chukua sentensi hii: "Lubumbashi lies close ____ the Zambian border, and much of its trade depends ____ the road that passes ____ Kasumbalesa." Kifaransa kinasema "proche de", kwa hiyo mkono unataka kuandika "of", jibu ni "to". Kinasema "dépend de", mkono unaandika "of" tena; jibu ni "on". Kinasema "passe par", mkono unaandika "by". Jibu linalokaa vizuri ni "through". Mapengo matatu, makosa matatu, na hakuna hata neno moja gumu. Kiswahili nacho hakituokoi. Sisi tunasema kipo mezani, yuko mjini, yumo chumbani: mahali pote pameishia kwa "-ni" ileile, na tofauti ya mahali maalumu, mahali pa jumla na ndani imekaa ndani ya kitenzi, haikai katika neno dogo linalosimama peke yake kama "on", "at" na "in". Artikeli ni vivyo hivyo. Kiswahili hakina artikeli, Kifaransa kinaiweka hata mbele ya jambo la jumla kama "la société change", na Kiingereza kinaiacha, kikasema "society is changing". Mtu akiona pengo mbele ya "society" ataandika "the" bila kujiuliza kama pengo hilo linadai neno jingine.

Katika GRE maneno madogo haya hayaulizwi moja kwa moja, lakini viungo kama "although", "despite", "hence", "if anything" na "far from" ndivyo vinavyobeba swali. Katika mitihani inayokata maneno yanaulizwa kila mstari. Katika PTE yanaulizwa kwa njia ya maneno yanayoandamana. Kwa hiyo njia yoyote ya mazoezi inayoyapita haya maneno madogo inatupita sisi.

Njia nne zikiwekwa kando kwa kando

Njia ya kwanza ni majaribio rasmi ya wenye mtihani. ETS hutoa bure majaribio mawili kamili ya GRE yanayoitwa POWERPREP Online, yenye muonekano na saa ileile ya mtihani. Duolingo ina jaribio la bure. IELTS nayo ina mifano kwenye tovuti zake. Ubora wake hauna mfano, kwa sababu pengo limetungwa na watu walewale na majibu mabaya yamepimwa. Udhaifu wake ni uchache, na kwa hapa kwetu kuna udhaifu wa pili unaoeleweka na kila mkazi: POWERPREP inataka kompyuta na mtandao ulio imara, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaweza kukatika katikati ya sehemu ya pili. Kwa sababu hizo mbili ningelitunza jaribio rasmi kama mtu anavyotunza mbegu. La kwanza lifanyike baada ya wiki mbili au tatu za mazoezi ya karatasi, ili likuonyeshe ulipo bila kupotea kwa ugeni wa umbo. La pili siku kumi hivi kabla ya mtihani. Kulifungua jaribio la bure siku ya kwanza, bila saa, huku ukiangalia kamusi, ni kulipoteza.

Njia ya pili ni vitabu, na kwa wengi wetu kitabu maana yake ni fotokopi. Hapa nina onyo linalotoka katika mfuko wangu mwenyewe: nilinunua fotokopi nene iliyofungwa vizuri, na baada ya wiki nzima ya kujilaumu nikagundua kwamba kurasa za majibu zilikuwa za toleo jingine, hazikulingana na maswali. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua maswali matano rahisi ambayo jibu lake una uhakika nalo, uyalinganishe na majibu ya mwisho. Kisha pima umri wa kitabu. Ukikuta maswali ya vinyume na ya milinganisho ya jozi za maneno, au alama zinazohesabiwa kutoka 200 hadi 800, hicho ni cha kabla ya Agosti 2011, na sehemu kubwa ya upande wake wa lugha haipo tena katika mtihani. Ukikuta sehemu za maswali 20 kwa dakika 30, na alama kutoka 130 hadi 170, hicho ni cha kati ya 2011 na 2023; usikitupe, kwa kuwa mapengo yake ni ya namna ileile inayotumika leo, na kinachohitaji kurekebishwa ni saa tu. Karatasi ina faida ambayo mtu wa miji mingine huenda asiione: haili mega, haingoji umeme, na inaruhusu kalamu ya risasi kuzungushia "although" mviringo, tendo dogo ambalo limewabadilisha watu wengi niliokaa nao kuliko somo lolote.

Njia ya tatu ni kujitungia mapengo, na hii ndiyo ninayoitetea. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza mbinu ya kufuta maneno katika kifungu kwa mpangilio na kumwomba msomaji ayarudishe. Lengo lake la awali lilikuwa kupima kama maandishi yanasomeka kwa urahisi, na baadaye walimu wa lugha waliigeuza ikawa kipimo cha msomaji. Watu wawili wanaweza kuifanya kwa gharama ya karatasi mbili. Kila mmoja anachukua makala ya maneno 250 hadi 300, anaacha sentensi ya kwanza na ya mwisho zikiwa nzima, anafuta maneno ishirini, na wanabadilishana.

Namna ya kufuta ina uzito wake. Ukifuta kila neno la saba kwa kuhesabu, kazi ni rahisi na huna upendeleo, lakini mapengo mengine yataangukia jina la mtu au tarakimu ambayo hakuna awezaye kuikisia, na zoezi linakatisha tamaa bila faida. Ukichagua mwenyewe, ukafuta vihusishi, viunganishi, artikeli, vitenzi visaidizi na viwakilishi, unalilenga donda. Mimi hupendekeza kuanza na namna ya pili kwa mwezi mmoja, kisha kuchanganya. Katika kusahihisha, kuna wanaokubali neno lile lile la makala peke yake na kuna wanaokubali neno lolote linalofaa. Wawili mkiwa wanafunzi, bila mwalimu, neno la makala liwe ndilo jibu, na kila neno jingine mnalolitetea lipelekwe kwenye kamusi ya wanafunzi yenye mifano ya sentensi. Ubishi huo wa dakika tano juu ya "in" na "at" unafundisha kuliko ukurasa wa kanuni.

Makala zenyewe zitoke wapi? Kwa mitihani inayokata maneno na kwa IELTS, magazeti ya Zambia kama Times of Zambia na Zambia Daily Mail yanatufaa kwa kuwa yanazungumzia shaba, barabara, mahindi na umeme, mambo ambayo tunayajua, kwa hiyo tunapigana na lugha peke yake. Ila msichague habari mnayoijua mno, kwani mtajaza pengo kutokana na mliyoyasikia mjini badala ya yaliyo kwenye sentensi. Kwa GRE magazeti hayatoshi. Hapo inatakiwa makala ya hoja, ambamo mwandishi anakubali upande mmoja kisha anaupinga, kama utangulizi wa makala za kisayansi au mapitio ya vitabu, kwa sababu mapengo ya GRE hukaa pale hoja inapogeuka.

Udhaifu wa njia hii niuseme waziwazi. Majibu mabaya ya mtihani halisi hamwezi kuyatunga kwa ustadi ule, kwa hiyo anayejiandaa kwa GRE hawezi kuishi kwa karatasi za kujitungia peke yake. Pia inadai mtu wa pili aliye mwaminifu kwa saa, na kupata mtu huyo ni kazi kuliko kupata kitabu.

Njia ya nne ni kadi za maneno, ziwe za karatasi au za programu ya simu. Zina faida ya kutumika popote, hata ukisubiri taksi. Kwa IELTS na TOEFL, orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno yanayorudi tena na tena katika maandishi ya kitaaluma, ina manufaa kuliko orodha za maneno ya nadra. Kwa kila kadi andika sentensi yenye pengo upande mmoja na neno upande wa pili, badala ya neno na tafsiri yake ya Kifaransa. Aliyekariri kwamba "depend" ni "dépendre" hajajifunza "on".

Nani achague nini

Anayedaiwa GRE na ana miezi minne au zaidi, atumie mwezi wa kwanza kwa mapengo ya kujitungia yanayolenga viunganishi, miezi miwili kwa vitabu vya baada ya 2011 akijiwekea dakika moja na nusu kwa swali, na majaribio mawili rasmi kwa nafasi nilizotaja. Kadi ziwe za maneno yasiyo na ndugu wa Kifaransa tu. Hana sababu ya kuharakisha tarehe, kwani alama za GRE hudumu miaka mitano.

Anayedaiwa cheti cha lugha peke yake, IELTS, TOEFL au Duolingo, asiguse vitabu vya GRE hata kama vinaonekana vya hadhi zaidi. Alama za mitihani hii huchukuliwa kuwa hai kwa miaka miwili, kwa hiyo tarehe ipangwe karibu na maombi. Kwa IELTS, mazoezi ya muhtasari yafanywe kutoka vifungu vyake rasmi, kwa sababu kuheshimu idadi ya maneno ni tabia inayojengwa kwa kurudia. Kwa Duolingo na TOEFL mpya, karatasi za kukata nusu ya maneno ni rahisi kuzitunga, na nusu saa kila siku kwa wiki sita imewafaa niliokaa nao kuliko saa tano za Jumamosi.

Aliye na wiki tatu tu aache kadi kabisa. Achukue mifano rasmi ya mtihani wake na kila jioni kifungu kimoja cha kujitungia, basi.

Na yule asiyejua bado atafanya mtihani gani, kwa kuwa anangoja jibu la msaada wa masomo, aanze na njia ya tatu, kwa sababu haitapotea bure kwa mtihani wowote utakaomwangukia. Awe na daftari lenye safu nne, na kila pengo alilokosa aliingize katika safu moja: neno sikulijua, neno nililijua ila kiungo cha sentensi sikukiona, neno dogo nilililetea kawaida ya Kifaransa, nilikimbia. Baada ya wiki tatu ahesabu. Safu ya kwanza ikiwa ndefu, anunue kadi. Ya pili ikiwa ndefu, atafute fotokopi nzuri ya maswali ya GRE hata kama GRE haimhusu, afanye mapengo mawili mawili akizungushia viungo mviringo. Ya tatu ikiwa ndefu, aendelee na mapengo ya kujitungia. Ya nne ikiwa ndefu, anahitaji saa mezani. Kwa watu wote niliokaa nao hapa Lubumbashi, isipokuwa mmoja aliyekulia Ndola, Zambia, safu iliyokuwa ndefu mwanzoni ilikuwa ya tatu.